Siku Tatu za Matanga

Mama mkubwa alifariki alfajiri ya Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba, nami habari za msiba zilinikuta Mwanza, nimesimama mbele ya banda la muuza baiskeli za mitumba, nimeshika usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja na fedha za kuilipia kwa mkono wa pili. Nilisita kwa muda nisioweza kuukadiria, kwa maana haikunielea kama ni adabu mtu aliyefiwa kumaliza biashara aliyoianza kabla hajafiwa. Lakini muuzaji, aliponiona nimeinamisha kichwa na kuijua sababu yake, alinipa pole, akapunguza bei bila ya kuombwa, akalaza viti vya nyuma vya gari langu, akaiingiza baiskeli kwa ubavu na kuufunga mlango kwa upole. Ndivyo nilivyoianza safari ya kwenda kuzika, hali nina zawadi ya furaha nyuma ya mgongo wangu.

Baiskeli ile ilikuwa ya mjukuu wangu. Nilipostaafu kazi ya afya, baada ya kuwachanja watoto wa vijiji vya Bariadi kwa muda unaozidi miaka 30, nilijiwekea nadhiri kwamba kijana yule, ambaye kila siku aliamka gizani kutembea takriban kilomita 7 kwenda shule ya sekondari na kurudi jua likiwa limemchoma kichwa, hatamaliza kidato cha pili bila ya kuwa na chombo chake mwenyewe cha kupanda. Alikuwa akiishi Lagangabilili, katika mji wa mama mkubwa. Lagangabilili wakati huo ilikwisha kuwa makao makuu ya wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka ule ule uliozaliwa mkoa wa Simiyu. Ofisi zilikuwa zikijengwa na maduka yakifunguliwa, lakini njia za kwenda mashuleni zilikuwa zile zile za ng'ombe, zenye udongo mweusi wa mbuga unaonata kama gundi wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingia mguu wakati wa kiangazi, na kando yake imetandaa mbigili, mmea mdogo mnyenyekevu ambao tunda lake lina miiba inayosimama wima kila upande liangukapo.

Kwa njia kama hizo nilichagua baiskeli ya gia, aina ile iitwayo ya mlimani, yenye matairi mapana ya meno makubwa na uma wa mbele unaobonyea ukipita juu ya jiwe. Asili yake ni California nchini Marekani, ambako katika miaka ya 1970 vijana wa Marin walichukua baiskeli nzito za kizamani wakawa wanashindana kuteremka njia za milima karibu na mlima Tamalpais. Shindano lao mashuhuri, lililoanza mwaka 1976, waliliita Repack, na jina hilo maana yake ni kupaka na kujaza grisi upya, kwa kuwa mteremko ulikuwa mkali hata breki ya kitovu cha gurudumu la nyuma ilipata moto na kuiunguza grisi yote, na kila aliyefika chini ilimlazimu kukifungua kitovu na kukijaza tena kabla hajapanda. Basi chombo hiki, tangu siku zake za kwanza, kimekuwa na kesi na joto. Laiti ningaliitafakari habari hiyo barabarani, kati ya Magu na Lamadi, badala ya kufikiri tu jinsi kijana atakavyofurahi.

Tena hoja ya kutojua siwezi kuileta, kwa sababu nimelelewa na mtu aliyeijua baiskeli. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba katika siku ambazo pamba ya Usukuma iliitwa dhahabu nyeupe, siku za vyama vya ushirika vilivyokusanyika mwaka 1955 kuwa muungano mmoja mkubwa wa Viktoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakati mkulima alipopata kuona mizani inasomwa mbele ya macho yake. Kwa fedha za msimu mmoja mzuri baba alinunua Raleigh nyeusi, iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza, yenye nembo ya kichwa cha ndege wa shingo ndefu mbele ya usukani. Chombo hicho alikitunza kwa taadhima kubwa. Adhuhuri hakukiacha juani hata kwa muda wa kunywa maji: kama alikuwa mnadani alikiegemeza kwenye shina la mkwaju, na kivuli kilipohama, naye alikihamisha. Siku za jua kali, kabla ya kukiingiza katika nyumba ya nyasi, alichuchumaa, akailegeza kidogo nati ya valvu, akasikiliza upepo ukitoka kwa mluzi mwembamba, akahesabu kimoyomoyo, akaikaza. Valvu za siku zile zilikuwa na kipira chembamba mfano wa utambi, na kipira hicho kikipata joto jingi hunata na kuoza. Baba alikuwa na akiba ya vipira vitano katika kijaluba cha ugoro, na mimi, mtoto wa miaka sita, nilidhani kuwa ni dawa.

Nilifika Lagangabilili saa tisa alasiri. Uwanja ulikuwa umejaa watu, wanaume wameketi chini ya miti na wanawake wamejaa ndani na barazani, na vilio vilikuwa vikipanda na kushuka. Niliegesha gari mahali palipobaki, uwandani, mbali na kivuli, maana vivuli vyote vilikuwa vimekaliwa na wazee, na ni haki yao. Vioo nilivipandisha vyote mpaka juu kwa sababu mbili: vumbi, na macho ya watoto. Nilitandika shuka juu ya baiskeli ili mjukuu wangu asiione, kwa kuwa kumtoa mtoto wa msiba machozini na kumwingiza kwenye zawadi kabla matanga hayajaanuliwa niliona ni kuukosea heshima mji na kumkosea marehemu aliyemlea. Nia hiyo siijutii hata leo. Niliazimia kungoja, nami nikangoja: Ijumaa tulizika jua likikaribia kuzama, Jumamosi tukakaa, Jumapili tukakaa, na muda wote huo gari lilikuwa pale pale uwandani, limefungwa.

Wasomaji walio mbali na Simiyu yafaa waijue Oktoba yetu. Ni mwezi wa ukingoni, kiangazi kimekwisha kuchosha kila kitu na mvua haijaja. Ng'ombe wamekonda, malambo yamebaki matope, na ngitili, yaani malisho ambayo wenye busara huyafunga tangu masika ili yawafae mifugo wakati wa dhiki, ndiyo yanayofunguliwa. Jua la nchi hii ni jua la kazi: akina mama hukata viazi vitamu vipande vipande na kuvianika juu ya miamba, na kwa siku chache tu vimekuwa michembe mikavu inayoweza kukaa mwaka mzima bila ya kuota ukungu. Kivulini, hata hivyo, hali si mbaya. Upepo huvuma, na mtu akikaa chini ya mkwaju na kibuyu cha maziwa hawezi kulalamika. Ndipo kosa linapojificha, kwa sababu mtu aliyeko kivulini huipima hali ya dunia yote kwa ngozi yake mwenyewe.

Jumamosi adhuhuri alinijia mwanamke kijana, mke wa mpwa wangu, amembeba mgongoni mtoto wa miezi minane aliyelala. Alipiga goti kwa adabu, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu mbele ya mkwe, akasema, "Mwadila, baba. Ndani kumejaa watu na kelele, mtoto hapati usingizi, na nje mainzi yanamwandama. Naomba ufunguo wa gari nimlaze kidogo kwenye kiti, nifunge vioo, mimi nikasaidie jikoni."

Nilimjibu kuwa gari limejaa mizigo, hapana nafasi. Akashukuru, akaondoka, akamlaza mtoto juu ya khanga chini ya ghala ya mtama.

Nimeyaandika maneno hayo machache kama yalivyokuwa, nami nitayarudia mbele.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, wakati wazee walipokuwa wakizungumza habari za kugawa majukumu ya mji, ulisikika mshindo mmoja mkavu kama wa bunduki. Vijana wa sungusungu waliruka wima, wanawake wakapiga yowe wakidhani ni wezi wa ng'ombe, na mbwa wakakimbilia uvunguni. Mjukuu wangu, kwa kuwa alikuwa karibu, alifika kwanza garini, akatia uso wake kwenye kioo. Nilipofungua mlango wa nyuma, joto lilinipiga usoni kama la tanuri ya kuokea mikate ikifunuliwa, nikalazimika kurudi hatua. Shuka ilikuwa imerushwa upande, na baiskeli imelala, tairi la mbele limechanika ubavuni na ulimi mweusi wa tyubu umetokeza nje.

"Guku," kijana aliuliza kwa sauti ya chini, "ni ya nani?"

"Ni yako," nilimwambia, maana sikuwa na neno jingine.

Hakucheka wala hakulia. Aliinamisha macho kama inavyompasa mtu aliye matangani, akanyoosha mkono kuushika usukani, akauondoa upesi: chuma kilimuunguza, na ule mpira wa kushikia ulikuwa umelainika hata ukamwachia weusi kiganjani.

Jumatatu, matanga yalipokwisha kuanuliwa, tuliipeleka kwa fundi. Kijiwe chake kilikuwa kando ya njia, chini ya mwarobaini: beseni la maji, pampu ndefu ya mguu, kipande cha msasa, mikasi, taya-liva tatu zilizofuliwa kwa spoku nene, na kopo la solusheni lililofunikwa kwa kitambaa kibichi. Alikuwa mzee kunizidi, na katika ujana wake, kama alivyonieleza, aliziba pancha za baiskeli za makarani wa pamba, za walimu, na kwa hakika za mabwana afya, maana alinitambua.

"Bwana Afya," alisema baada ya kuyavua matairi yote mawili kimya kimya, "wewe umeniletea hili lililopiga kelele. Hebu njoo ulione hili lililonyamaza."

Kwanza alinionyesha la mbele. Ubavuni mwake palikuwa na jeraha la zamani, labda la jiwe la nchi za mbali, na mtu fulani kabla ya kuiuza alikuwa amelibandika kwa ndani kipande cha tairi kwa gundi. Gundi ile, kwa joto la siku tatu, ilikuwa imelainika na kile kipande kikateleza kando. Tyubu ikapata dirisha, ikachungulia nje kama utumbo wa mbuzi unavyochungulia kisu kinapopita, ikavimba, ikapasuka. Hilo nilikwisha kulibuni. Kisha akachukua tyubu ya tairi la nyuma, ambalo mimi nililiona zima, limepungua tu upepo. Ilikuwa na viraka vitatu. Aliweka ukucha wake mnene pembeni ya kiraka cha kwanza, akausukuma polepole, na kiraka kikaondoka chote bila ya ubishi, kikifuatwa na nyuzi nyembamba za gundi zinazovutika. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu kilisita kidogo.

"Solusheni imekuwa ulimbo," alisema. "Ungemnasia ndege. Gari lilikuwa limefungwa vioo?"

"Vyote."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Alikaa kimya, akaichovya tyubu ndani ya beseni. "Tyubu iliyopigwa jua mimi siizibi mpaka niipoze, maana kiraka hakishiki juu ya kitu cha moto. Sasa wewe umekipika na kilichokwisha kushika. Lile la mbele limekuaibisha mbele ya watu, lakini halikumwumiza mtu. Hili la nyuma kijana angelijaza upepo, angelipanda, na huko mteremkoni, kwenye mawe, ndipo lingemwambia habari zake."

Nilipokuwa nikimsikiliza nilikuwa nikihesabu, kwa sababu nimezoea hesabu. Watu wengi hudhani kuwa tairi hupasuka juani kwa kuwa upepo wa ndani huongezeka mno. Upepo hauongezeki, ni ule ule uliotiwa. Kinachoongezeka ni msukumo wake, kwa kuwa hewa iliyofungiwa ikipashwa moto bila ya kupewa nafasi ya kutanuka husukuma kuta zake kwa nguvu zaidi, kwa kadiri ya joto lililozidi. Na kadiri hiyo si kubwa kama tunavyohofu. Tairi lililojazwa paundi 40 katika ubaridi wa asubuhi, wa digrii 24, likifika digrii 60 halizidi paundi 46 au 47, na tairi zima huuchukua mzigo huo bila ya taabu. Tairi la mjukuu wangu, basi, halikuuawa na upepo peke yake. Liliuawa na gundi iliyokata tamaa mahali palipokuwa na jeraha. Joto hupitapita juu ya kitu chote, likitafuta palipozibwa.

Na mpira wenyewe una historia ndefu na joto. Hapo kale, mpira mbichi wa miti ulikuwa haufai kitu, kwani wakati wa joto uliyeyuka na kunata na wakati wa baridi ulikauka na kuvunjika, hata mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani aliyekwisha kufilisika na kufungwa kwa madeni, alipogundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupikwa huwa imara. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa mji wa Belfast, alipata hataza ya tairi lake la upepo, alilolibuni ili baiskeli ndogo ya miguu mitatu ya mwanawe isimtikise juu ya mawe ya barabara. Habari hiyo ya pili hunigusa kila niikumbukapo, kwa kuwa tairi la upepo tunalolipanda sote lilitoka katika hamu ya mzazi ya kumpa mtoto safari laini. Lakini kilichopikwa kiwandani ni mpira. Gundi ya viraka vile haikupikwa, nayo ilibaki na tabia za kale. Na hata maji ya utomvu ambayo waendeshaji wa siku hizi humimina ndani ya matairi ili yazibe matundu ya miiba kama ya mbigili, yakikaa penye joto hukauka upesi yakawa utando usiofaa, na mwenye baiskeli hajui mpaka siku anayoyahitaji.

Tulirudi nyumbani, baiskeli imebaki kwa fundi, nami nikawa na jambo lililonikaa kooni. Nilikuwa na kipimajoto cha jokofu, cha duara, chenye mshale, kinachoanzia digrii 30 chini ya sifuri na kuishia digrii 50 juu yake, nilichokinunua kwa fedha yangu zamani nikiwa kazini na kukihifadhi kama mtu anavyohifadhi kisu cha babaye. Siku ya Jumanne nilikiweka juu ya kiti cha nyuma, nikafunga vioo vyote kama nilivyovifunga siku zile, nikaketi chini ya mkwaju na mjukuu wangu, ambaye alikuwa bado ana ruhusa ya shule, na kila baada ya muda tulikwenda kuchungulia kwa nje. Saa mbili asubuhi mshale ulikuwa kwenye 26. Saa nne ulikuwa kwenye 41. Saa tano na nusu ulikuwa umefika mwisho wa uso wa kipimajoto, umekigusa kile kipini kidogo cha kuuzuia, na haukuwa na mahali pa kwenda tena. Pale tulipokaa, kwa kipimajoto cha pili nilichoazimwa kwenye zahanati, kulikuwa digrii 30.

Nilimweleza kijana yale niliyoyajua siku zote na sikuyatumia: kwamba mwanga wa jua hupenya kioo bila ya kizuizi, ukaviangukia viti na kila kilicho cheusi, ukageuka kuwa joto, na joto hilo likitaka kutoka haliwezi kupita kiooni kwa wepesi ule ule lilioingilia, wala hewa iliyopata moto haina pa kukimbilia, basi gari huwa mfuko unaopokea na hautoi. Akaniuliza kama kushusha vioo kidogo kungesaidia, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo watu wengi. Tukavishusha vyote kwa upana wa vidole viwili, tukangoja saa nzima. Mshale haukuondoka kwenye kipini. Tulipofungua milango yote minne na ule wa nyuma, na kulisukuma gari mpaka kivulini, ulishuka machoni petu.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Katika kazi yangu niliishi baina ya digrii 2 na digrii 8. Hicho ndicho kiwango cha chanjo, nami nilikilinda kwa miaka yote ile juu ya baiskeli, kibebeo cha chanjo kimefungwa kwenye keria kwa mipira, barafu ndani, nikipita Kanadi, Luguru na vijiji visivyo na jina katika ramani. Nilipoteza usingizi kwa ajili ya jokofu lililokwisha mafuta ya taa. Na tangu mwaka 1996 vichupa vya matone ya polio vilipoanza kuja na alama ya joto, kimraba kidogo cheupe ndani ya duara la rangi iliyoiva, nilikuwa mtu wa kwanza kuwafundisha wenzangu kuisoma: kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, tumia, kikilingana nalo au kikilizidi weusi, tupa. Ajabu ya alama ile ni kwamba haisomi joto la saa hii. Inajumlisha. Joto la juzi njiani, la jana mezani, la leo juani, yote huandikwa humo, na hakuna baridi, hata ya barafu, inayoweza kukirudishia kimraba weupe wake. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kuwa kila kitu kina alama hiyo ila hatuioni. Nilisema hivyo kwa miaka mingi, na gari langu limeegeshwa juani nje ya darasa.

Viraka vitatu vya tairi la nyuma vilikuwa na alama hiyo. Siku ya kwanza vilipungua kidogo, ya pili vikapungua, ya tatu vikafika mahali ambapo ukucha wa mzee ulivitosha. Na lau ningaliifungua baiskeli Jumapili asubuhi, kabla ya mshindo, ningaliiona nzima, ningalimkabidhi kijana kwa baraka zote, naye angalikwenda nayo mteremkoni.

Lakini si baiskeli iliyoniketisha chini. Ni yule mama wa Jumamosi. Alinijia adhuhuri, saa ile ile ambayo mshale ulikuwa umekigusa kipini, akaniomba mahali pa kumlaza mtoto wa miezi minane, vioo vikiwa vimefungwa. Mwili wa mtoto mchanga hupanda joto upesi mno kuliko wetu. Hawezi kufungua mlango, hawezi kujifunua, na akiishiwa nguvu hulala, na mamaye akichungulia humwona amelala vizuri. Sehemu nyingi za dunia, miji yenye hospitali kubwa na wazazi wenye elimu, watoto hufa ndani ya magari kwa njia hiyo kila mwaka, wengine wao siku ambazo hazikuwa hata za joto la kutisha. Mimi nilimnyima ufunguo. Nilimnyima, lakini kwa sababu ya kuficha zawadi. Kama gari lingalikuwa tupu ningalimpa, na ningaliona nimemfadhili. Jambo hilo nimelitazama kwa kila upande na sioni njia ya kulifanya dogo. Uhai wa mtoto yule siku ile haukulindwa na elimu yangu ya miaka 30. Ulilindwa na ukubwa wa baiskeli.

Nilikwenda kwake siku ile ile, nikamweleza yote, mbele ya mumewe. Alinisikiliza, akamvuta mtoto karibu, na baada ya kimya kirefu akaniuliza, "Na nyumba ya bati, baba, je?" Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia nyumba ya bati ina mlango na madirisha, na upepo hupita, wala haikufungwa kwa mpira pande zote kama gari. Lakini akiniuliza mahali pa kumlaza mtoto adhuhuri ya Oktoba, bado nitamwambia chini ya ghala ya mtama, pale pale alipomlaza bila ya kufundishwa na mtu.

Fundi alimaliza kazi baada ya siku mbili. Alitia tairi jipya mbele, tyubu mpya zote mbili, na mipira mipya ya kushikia. Ile tyubu ya nyuma aliikata kanda ndefu za kufungia mizigo akanipa, akisema kuwa kitu kilichoshindwa kushika upepo bado chaweza kushika gunia. Mjukuu wangu huilaza baiskeli yake katika nyumba ya nyasi ya marehemu, ameiegemeza ukutani penye ubaridi, na akifika shuleni huiweka upande wa mashariki wa darasa, ambako kivuli huingia baada ya adhuhuri. Nikilazimika kuichukua garini kuipeleka Bariadi kwa matengenezo, tunapunguza upepo kwanza, tunafunika vioo vya upande wa jua kwa khanga, na tukifika inashuka kabla yetu.

Kipimajoto kile cha duara sikukirudisha kabatini. Nimekifunga kwa kanda ya tyubu nyuma ya kiti cha dereva, uso wake ukiangalia kiti cha abiria, na kila anayeniomba ufunguo wa gari adhuhuri ili amlaze mtoto, huenda naye mpaka pale, nikafungua mlango, tukausoma mshale pamoja, kisha tukatafuta mti.